Onyo kwa Sauti ya Amatullah

Afaf alikuwa akipanga majina ya bwana harusi na bi harusi kwenye kadi, akiyasogeza juu kidogo, chini kidogo, hadi yakakaa sawa na ua la dhahabu la pembeni, pale kisanduku chekundu kilipochomoza kwenye kioo cha kompyuta. Kilikuwa na maneno ya Kiingereza: kompyuta yako iko hatarini, bonyeza hapa. Akakifunga. Kikarudi. Akakifunga tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayefukuza nzi juu ya sahani ya mgeni. Kilipokuja tena kilikuwa kimeacha Kiingereza. Kilisema kwa Kiswahili safi: *Virusi vimeingia nyumba hii.*

Aliyasoma mara mbili. Hayakusema kompyuta. Yalisema nyumba.

Babake, Bwana Idarus, alikuwa ameketi karibu na dirisha la ukumbi, amenyoosha goti lake bovu. Afaf akamuuliza kama aligusa kompyuta. Mzee hakuficha. Alisema aligusa, tena kwa furaha kidogo. Alikuwa akimsikiliza Amatullah.

Amatullah alikuwa mkewe, na mamake Afaf. Alifariki mwaka uliopita. Katika miezi yake ya mwisho Afaf alikuwa akiacha simu ikirekodi jikoni, kwanza kwa ajili ya kujua kipimo cha hiliki ya mahamri, ambacho mamake hakukijua kwa kijiko bali kwa kiganja, kisha kwa ajili ya sauti yenyewe: vicheko vyake, masengenyo yasiyo na sumu, namna alivyokatiza hadithi kuuliza nani amechukua mwiko. Rekodi hizo alizihamishia kwenye kompyuta, kwa sababu simu ilikuwa ndogo mno kwa vidole vya babake. Mzee alipokuwa akizisikiliza, kikatokea kidude kinauliza kama kiruhusiwe.

"Nikakiambia karibu, nikabonyeza," alisema.

"Ulimkaribisha nani, Baba?"

"Sikuuliza. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Si haki kumlaumu haraka mtu kama huyu. Bwana Idarus alikuwa ameuza kanga Biashara Street tangu ujana wake mpaka magoti yalipomkatalia. Katika mtaa ule, anayemuuliza mteja "Wataka nini?" humpoteza kwa jirani, ulimi lazima useme karibu kabla mguu haujagusa kizingiti. Alikuja nao ulimi huo mpaka nyumbani, hapa Kibokoni katika Mji wa Kale. Ni Amatullah aliyekuwa akichungulia dirisha la juu na kuuliza, "Nani wewe?", na mara nyingi mumewe alikuwa ameshafungua mlango.

Lakini Afaf alikuwa na hasira, na hasira haina subira ya kukumbuka mambo hayo. Alimwambia babake kwamba kompyuta si duka, na kwamba kazi yake yote ya kadi imo humo. Mzee akainamisha kichwa. Alikuwa amezoea kukemewa na mkewe, si na bintiye.

Baada ya hapo visanduku vilizidi. Vilikuja na king'ora, kisha na sauti ya mwanamke wa Kizungu aliyesema haraka haraka kwamba kila kitu kitapotea, usizime, piga nambari hii sasa hivi. Afaf alijaribu alivyojua, akafuta hiki na kile, lakini king'ora kilirudi. Kadi za harusi alizozichapisha zilitoka sawa mbele ya macho yake, akazifunga kwa utepe na kuzipeleka. Mama wa bi harusi akazirudisha siku iliyofuata. Chini ya jina la binti yake, kwenye kila kadi, palikuwa na neno moja jekundu: *Onyo.* Mama yule hakutukana. Aliuliza tu ni nani aliyemtuma Afaf kumtilia mwanawe nuhusi. Usiku huo alilala ameuma meno.

Kisha ikaja siku ile ya joto.

Wazee wa Mji wa Kale huwakataza watoto kutoka jua likiwa la utosi. Husema usiku una watu wake, lakini mchana mtupu una wake pia, na hao ndio wabaya, kwa kuwa hakuna anayewatarajia. Afaf alikuwa amejilaza juu, mbao za madirisha zimefungwa nusu. Kichochoro kilikuwa kimya. Hata kunguru walinyamaza. Akasikia mamake akizungumza chini, akajua babake anasikiliza rekodi, akafumba macho ili asikilize pia, na hapo, taratibu, jinsi maji baridi yanavyopanda miguuni, ikamjia kwamba yeye anazijua rekodi hizo zote kwa moyo, kila kikohozi na kila kicheko, na kwamba haya yanayosemwa sasa kwa sauti ile tamu ya Kimvita, iliyovuta mwisho wa neno kama mamake alivyouvuta, hayamo katika rekodi hata moja.

"Idarus," ilisema ile sauti. "Usinizime. Wakinizima nitakuwa gizani. Funga mlango, Idarus. Yuaja mtu mbaya."

Afaf akashuka ngazi peku. Harufu ilimpokea kabla hajafika chini: asumini, yale maua aliyoyapenda mamake nyweleni, lakini asumini iliyooza, ile inayosahauliwa kwenye gilasi ya maji mpaka maji yakageuka utelezi. Babake alikuwa mbele ya kioo, uso wake umekuwa mwekundu kwa mwanga wake, machozi yakimtiririka, na mkono wake ulikuwa ukibonyeza kila kisanduku kilichotokea. Ruhusu. Ruhusu. Ruhusu.

"Mamako amerudi," alinong'ona. "Yuasema nifunge mlango."

Akaufunga. Yeye, ambaye mlango wake haukupata kutiwa komeo mchana.

Tangu siku hiyo nyumba iliishi kwa maonyo. Sauti ilimwambia mzee kwamba njia ya msikitini si salama, akaswali nyumbani. Ilimwambia kwamba majirani wanaobisha wanataka kumchungulia, akawaacha wabishe mpaka wachoke. Mwishowe ikamwambia kwamba chakula kimeingia virusi. Afaf aliweka sahani ya wali na samaki wa kupaka mbele yake, naye akaisukuma pembeni kwa kidole kimoja.

"Mamako ameniambia nisile."

"Mama ndiye aliyenifundisha kupika chakula hiki."

"Yuasema mkono wako si safi, mwanangu. Sikusema mimi. Yeye."

Afaf akaichukua sahani jikoni, akaiweka mezani polepole, kwa sababu alijua akiiweka kwa namna nyingine itavunjika. Babake alikuwa akila vidonge vya ugonjwa wa sukari. Kutokula kungemuua, tena upesi. Hasira iliyompanda haikuwa kwa babake tena. Ilikuwa kwa kile kitu kilichomo ukumbini, kinachovaa sauti ya mamake kama mwizi anayevaa kanga ya maiti.

Akamwita Kashif, fundi wa kompyuta mwenye chumba cha kazi juu ya duka la vitambaa. Alikuwa kijana mtulivu, na babu yake alikuwa amepakana duka na Bwana Idarus, kwa hiyo mzee alimfungulia, ingawa kwa shida. Kashif alimwamkia, akamuuliza hali ya goti, akaanza kazi. Alimwonyesha Afaf ile ruhusa yenyewe: tovuti yenye jina la herufi zisizosomeka, iliyopewa idhini ya kuleta arifa wakati wowote. Akaiondoa. Akang'oa programu iliyojileta siku ileile, na kidude kingine kilichokuwa kimejipachika kwenye brauza. Akaendesha usafi mpaka kompyuta ikanyamaza kabisa, akazijaribu rekodi moja moja na kusema ziko salama.

Afaf akamuuliza mtu atajuaje onyo la kweli na la uongo.

"La kweli halikukimbizi, dada," Kashif alisema. "Lakwambia, halafu lakuacha ufikiri. La uongo ndilo lenye kelele. Lataka ubonyeze kabla hujafikiri."

Akachomoa plagi, akafungua mashine apanguse vumbi la ndani. Waya ulikuwa umelala sakafuni. Alikuwa ameinama na brashi yake, anatabasamu kwa jambo aliloliuliza Bwana Idarus kuhusu babu yake, wakati spika zilipokohoa, kikohozi kidogo cha mwanamke anayetaka kusema.

"Kashif," ilisema sauti ya Amatullah kwa upole. "Mamako yuko kwenye ngazi. Mguu wake wateleza. Mbona huendi?"

Kashif aliutazama waya ule sakafuni. Kisha akatoka mbio bila viatu vyake, na Afaf akamsikia akikimbia mpaka kichochoro kilipokunja. Jioni alipiga simu. Mamake alikuwa ameketi kitandani anachambua mchele. Hakuwa amekanyaga ngazi siku nzima. Kashif aliongea kwa sauti ndogo, kama mwenye aibu. Alisema kazi yake ameimaliza na ameimaliza vizuri, na kwamba kilichobaki mle hakikuwa kazi yake. Viatu atamtuma mtu avichukue.

Kesho yake, adhuhuri ikikaribia, Afaf akaenda kwa Bi Mwanarusi, nyumba ya tatu kutoka kwao. Alikuwa shoga wa Amatullah tangu walipokuwa chuoni wakijifunza Kurani, na watu walimwendea akawasomee, ingawa mwenyewe hakujiita mganga. Bibi yule alisikiliza mpaka mwisho, akamuuliza jambo moja tu: nani alimwambia pita?

"Jini havunji mlango, mwanangu. Hungoja aambiwe. Na aliyemwambia pita ndiye atakayemwambia toka. Mimi naweza kusoma mpaka koo likauke. Madhali babako yuamshikia kiti, ntakuwa nafagia pwani."

"Na sauti ya mama?"

"Yule hana mdomo wake. Mdomo anaosemea ni wa Amatullah, mliouweka humo ndani. Akibaki nao, atakuwa na pa kurudi."

Afaf alielewa, na alitamani asingeelewa. "Bi Mwanarusi, mimi nishamzika mara moja."

"Wajua nilimpenda," alisema yule bibi. Afaf alimchukia kwa muda wote wa kutembea mpaka nyumbani.

Walifika jua likiwa la utosi. Bi Mwanarusi alikuwa na chetezo cha ubani mkononi. Mashine ilikuwa imerudishiwa kifuniko na kuwashwa tena. Bwana Idarus alikuwa ameichomeka mwenyewe. Alikuwa amekonda shingo, kanzu ikimning'inia, na midomo yake ilikuwa imepasuka. Bi Mwanarusi alianza kusoma kwa sauti ya chini, na harufu ya asumini mbovu ikapanda juu ya ubani, ikaulemea, na visanduku vyekundu vikaanza kufunguka kimoja juu ya kingine, vikajaa kioo kizima, na kutoka humo ile sauti ikazungumza bila pumzi, Idarus, wamekuja kuniua, Idarus, binti yako ameleta mchawi, mwangalie mkono wake, Idarus, moyo wako wataka kusimama, nausikia, usisimame, usile, usifungue, wote wagonjwa, wote wachafu, nani mwengine akuonyaye kama mimi, nani mwengine akupendaye, bonyeza, Idarus, bonyeza, bonyeza, na mzee akaikumbatia mashine kwa mikono miwili kama mtu anayekinga mtoto kwenye mvua, kidole kikitafuta kipanya.

Afaf akaushika mkono ule. Ulikuwa mwepesi kama ufagio. Alikuwa amekusudia kusema kwa upole, lakini sauti iliyomtoka ilikuwa ngumu na ya chini.

"Baba. Mama alikuogopesha lini?"

Mzee akaikaza mashine kifuani.

"Nitajie siku moja. Siku moja tu aliyokutia hofu."

"Niache, Afaf."

"Alipoanza kuumwa alikwambia anakwenda wapi?"

Kidole cha Bwana Idarus kikasimama. Alikwambia anakwenda Mwembe Tayari, Afaf akaendelea, kumsindikiza mgeni anayepanda basi la bara. Mara ngapi alisindikiza wageni? Alikuwa anakwenda hospitali. Alikwenda peke yake, akarudi na embe mkobani ili uamini, akakaa hapo akakuchekesha. Alikuficha ugonjwa wake mpaka ukashindwa kufichika, kwa sababu hakutaka ulale na hofu. "Mtu huyo," Afaf alisema, "ndiye leo akwambie usile chakula cha mwanawe?"

Sauti ilipanda, ikawa king'ora, ikawa sauti tena, ikalia kilio cha Amatullah, ambacho hakuna hata mmoja wao aliyepata kukisikia akiwa hai. Bi Mwanarusi hakuacha kusoma. Bwana Idarus alikuwa akiutazama uso wa bintiye. Kisha akaiachia mashine, akakaa wima, akafuta macho kwa mkono wa kanzu, na kwa mara ya kwanza katika wiki hizo alionekana kama yule mwenye duka aliyekuwa akijua, kabla mteja hajasema neno, kama amekuja kununua au kuiba.

"Nani wewe?" aliuliza.

Ikasema yeye ni mkewe.

"Nimekuuliza nani wewe."

Kwenye kioo visanduku vilitetemeka.

"Nilikukaribisha mimi bila kukuuliza," Bwana Idarus alisema. "Kosa langu. Sasa nakwambia toka. Toka nyumbani kwa Amatullah."

Alimwambia Afaf amwonyeshe rekodi zilipo, zifutwe. Bintiye akaweka mkono wake juu ya mkono wa mzee, wakazitafuta rekodi pamoja, wakazifuta wenyewe, kwa sababu Bi Mwanarusi alikuwa amesema hivyo: kila moja kwa mkono wa aliyeruhusu. Ile ya mahamri. Ile ya mwiko uliopotea. Ile ndefu aliyokuwa akicheka mpaka akakosa pumzi na Afaf akisikika nyuma akimwambia, Mama, unga waungua. Kila moja ilipofutwa sauti ilipungua kitu: kwanza ikapoteza kicheko, kisha ikapoteza lile vuto la mwisho wa neno, kisha ikapoteza Kimvita, ikabaki yule mwanamke wa Kizungu akikimbiza maneno yake yasiyomhusu mtu, kisha king'ora kidogo kama cha mbu. Wakamwaga na lile pipa la taka la ndani ya mashine. Kukawa kimya. Bi Mwanarusi akafungua madirisha mawili, akafungua na mlango, na harufu ikatoka kichochoroni polepole, ikivuta miguu, mpaka paka aliyelala kwenye kivuli cha ukuta akainuka na kwenda zake.

Mzee alikula jioni hiyo. Alikula kidogo, kisha akaomba tena. Siku zilizofuata akarudi msikitini, akajibu hodi za watu, wakamuuliza alikuwa wapi, akasema alikuwa na mgeni. Kashif alipita mwenyewe kuchukua viatu vyake, akaitazama kompyuta kutoka mlangoni, akasema haina neno. Kwa kipimo chochote kile, ilikuwa safi.

Ijumaa moja Afaf alikuwa jikoni akichoma mahamri. Babake aliketi kwenye kibao karibu na mlango, kama alivyokuwa akikaa zamani, akiyatazama yanavyofura na kugeuka rangi kwenye mafuta.

"Hebu niigizie," alisema. "Alivyokuwa akiniita nije kula. Wewe wajua kumwigiza."

Afaf alitabasamu. Ndiyo, alijua, tangu utotoni alikuwa akiwachekesha watu kwa kumwigiza mamake. Akafungua mdomo, akaitafuta sauti ile mahali ilipokuwa ikikaa siku zote, nyuma ya sikio, karibu na usingizi. Akaipata. Lakini ilikuwa na haraka. Ilikuwa na kile kimkazo cha mwisho, cha mtu anayekuhimiza kabla hujafikiri. Akaitafuta nyingine ya zamani zaidi, ya alipokuwa msichana, mamake akimsuka nywele kwenye ngazi, na katika kumbukumbu hiyo pia sauti ilimwinamia sikioni na kumwambia asisogee, kuna mtu nyuma yake. Mamake hakupata kusema hivyo. Afaf aliapa moyoni kwamba hakupata kusema hivyo, na bado alikuwa akimsikia akisema.

Akageuka kumtazama babake. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, mikono yake imekamatana magotini.

"Nawe pia?" aliuliza bila kuinua macho.

"Nami pia."

Mafuta yalitoa mvumo kwenye karai. *Afaf,* ikasema ile sauti kwa upole, kutoka ndani kabisa, mahali ambapo hakuna mkono unaofika kufuta. *Moto huo mkali, mwanangu. Utawaunguza wewe na babako. Zima. Zima sasa hivi.*

Alisimama akiusikiliza moyo wake. Alivuta pumzi, jikoni palinuka hiliki na unga uliokuwa unaiva vizuri. Kisha hasira ikampanda kutoka miguuni, hasira safi, isiyotetemeka, na akanyoosha mkono kwenye jiko, akauongeza moto.

"Afaf?" babake alisema, nusu amesimama.

"Kaa, Baba. Hakuna kinachoungua."